Pete Zilizorudi Bila Ndege

Kitendawili, na mtege masikio: huvisha pete mamia kila mwaka, wala hakuna aliyewahi kulala kwake hata siku moja. Ni nani? Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Nachukua Detroit, ina nafasi. Ni Bernadine Kosloski, mvisha ndege pete wa ufukwe wa kusini wa Ziwa Erie: huwafunga pete zenye namba miguuni, wakinaswa tena ajue walikofika.

Asubuhi moja ya Aprili, barafu ikiwa imeondoka ziwani juzijuzi tu, Bernadine alikuwa akianika vifuko vya kitambaa ambamo ndege hukaa wakingoja kupimwa. Mdogo wake, Delbert, alikuwa akisimamisha nguzo za nyavu kwenye vijia walivyofyeka vichakani. Nyavu zenyewe ni nyembamba kama nywele. Panya walikuwa wamezitafuna wakati wa baridi, naye Bernadine ameshazishona. Upepo ulikuwa umegeuka, sasa unavuma kutoka kusini. Huo ndio unaoleta ndege, nao husafiri usiku.

"Delbert, ulimwuliza bosi wako habari ya zile taa?"

"Dada, nguzo hii imepinda kama mguu wa mjomba Stash."

Delbert alikuwa msafishaji katika jumba jipya la vioo, ng'ambo ya ghuba. Lilikuwa likiwaka usiku kucha, ghorofa zote, hata vyumba visivyo na mtu. Kila alfajiri alifagia ndege waliovutwa na mwanga, wakajigonga vioo na kuanguka chini yake, kabla wapangaji hawajashuka.

Walitandaza wavu wa kwanza ili kuujaribu. Delbert hajamaliza kufunga kamba, wavu ukatikisika. Ndani yake ilikuwamo pete ya alumini, inahangaika, bila ndege.

"Usiivute," alisema Bernadine. "Anza na miguu."

"Miguu gani?"

"Penye pete pana mguu. Miaka yote hii umekuja kufanya nini hapa, kula mikate yangu tu?"

Akainasua mwenyewe, akabana kwa vidole viwili pale ambapo shingo ingekuwapo. Palikuwa na joto, na moyo ulikuwa ukienda mbio. Wavu ukatikisika tena, halafu tena, hadi ukalemewa. Wakabeba vifuko hadi kibandani, vinarukaruka mikononi mwao.

Mezani Bernadine alifanya kama afanyavyo siku zote: akasoma namba, akapima bawa, kisha akapuliza tumboni ili manyoya yagawanyike, aone mafuta. Hapakuwa na manyoya. Akapuliza hivyo hivyo, akapapasa kwa ncha ya kidole.

"Wamenona," alisema. "Hawa hawakufa kwa njaa." Akaisogeza pete karibu na miwani. "Na tazama inavyong'aa. Pete iliyofika visiwa vya kusini, wanakokimbilia baridi, ikarudi huwa imechakaa. Hii niliifunga mimi, Septemba. Haijafika popote, Delbert. Imeishia hapo ng'ambo."

Delbert alikuwa akimimina kahawa. Nusu ikaenda mezani.

"Labda alumini ya siku hizi ni nzuri."

"Labda na mimi bado mwari."

Akaziachia moja moja kupitia kidirisha. Zikapaa zikimeta, zikashika njia ya kaskazini juu ya maji, kama inavyopasa majira hayo. Delbert akasuuza vifuko, akavianika upya, maana ndege wenyewe, ingawa hawakuonekana, walikuwa wamevichafua.

Kufikia alasiri nyavu zote zilikuwa tayari, zimekunjwa zikingoja wageni. Upepo wa kusini ulizidi, ukawa unapiga mlango wa kibanda. Bernadine alitoka nje mara kwa mara kutazama mbingu, akarudi, akahesabu vifuko alivyokwisha kuvihesabu. Jua halijazama bado, ng'ambo ya ghuba ghorofa ya chini ikawaka, kisha ya pili yake.

"Walio hai wanapita pale usiku huu," alisema. "Nakuuliza tena. Ulimwuliza?"

Delbert alifuta meza, akaifuta tena mahali palepale.

"Nilimwuliza, dada. Akaninunulia ufagio mpana zaidi."