Ngoma Nyuma ya Magodoro

Kageha aliisikia habari sokoni Mukumu, na tangu hapo haikumtoka kichwani: kwamba binti yake Wendy hujifungia chumbani mchana, anapiga ngoma mara moja tu, kisha ananyamaza kama mtu anayengoja kuitikiwa.

"Sasa Mama Wendy, anayemwitikianga ni nani?" aliuliza Nekoye, muuza omena.

Ngoma ya isukuti hupigwa mfululizo, harusini au matangani, mpaka vumbi lipande. Pigo moja moja ni la nani?

Nyumbani alikuta dirisha limezibwa kwa magodoro, blanketi za wageni zimetundikwa ukutani, kuku wamefungiwa jikoni. Wendy akaeleza. Wesley, mwalimu wa kwaya, ameamua rekodi yao itumie ngoma za kinanda, eti ni safi. Isukuti ya Phanuel, baba yake Wendy, eti inalia kama debe. Phanuel ameipigia kwaya hiyo tangu ujana, na tangu aambiwe hivyo chakula hakimpiti kooni. Kwa hiyo Wendy anarekodi kila pigo peke yake, la taratibu na la nguvu, anaacha mlio ufe wenyewe, halafu atayaunganisha mapigo hayo kwa kompyuta.

Kageha aliitikia kwa kichwa bila kuelewa hata moja. Kesho yake akaleta wamama wa maombi, wakaingia wakikemea mapepo katikati ya pigo zuri kuliko yote.

"Mama, umeniharibia."

"Nimekuokoa."

Wendy akamwekea vipokea sauti masikioni. Kageha akasikia ngoma safi kabisa, na nyuma yake sauti kama ya mbuzi aliyenaswa kwenye uzio ikipiga kelele, "Toka!" Ilikuwa yake. Siku iliyofuata alikaa barazani akiwanyamazisha wapita njia, hata wale wa maombi.

Jumapili, mbele ya kwaya, Wesley alisikiliza rekodi aliyoleta Wendy akiwa amefumba macho. "Mnaona kinanda?" akasema. "Hiyo ya mzee haiwezi kufika hapa."

Phanuel akaangalia viatu vyake.

"Mwalimu, hicho si kinanda," Kageha akasema. "Ni ngoma ya mume wangu. Nimeilinda mchana kutwa nikibana mkojo."

Kwaya ikaangua kicheko. Wesley akajikuna kichwa, akafunika kinanda. Jioni hiyo Phanuel aliongeza obusuma, ugali wa nyumbani, mara mbili.

Siku hizi Kageha huwaambia wenzake sokoni: Mama mwenzangu, kama mtoto anarekodi nyumbani:

Usibebe habari ya soko kabla ya kubisha mlango.
Usilete maombi bila kuuliza.
Usioshe sufuria wala kukaanga chochote.
Usimwache asafishe sauti mpaka mwenye ngoma asijulikane.
Usifungie kuku jikoni penye unga.
Usimpe blanketi za wageni.