Dakika Kumi za Ruta

Hapa hospitalini wananiita Bwana Waya, na wengi hawajui kama nina jina jingine. Nashinda chumba cha mitambo, ghorofa ya chini, peke yangu na mashine zinazovuma. Nikipiga chafya, hakuna wa kunitakia afya. Mtu akifungua mlango, ujue intaneti imekatika na amekuja kunipandishia sauti.

Siku hiyo kazi yangu ilikuwa na zahanati moja ya mbali, na humo amelazwa mama yangu kwa kidonda cha mguu. Laini inayotuunganisha nayo ni moja tu, nyembamba, na ikibeba video, mgonjwa anaonekana vipande vipande. Saa nane mchana daktari wetu alitaka kukitazama kile kidonda. Hakujua ni cha mama yangu, maana hajawahi kuniuliza lolote lisilohusu nyaya.

"Bwana Waya," aliniambia asubuhi, "nisipokiona vizuri, kesho wamlete hapa alazwe."

Laini ya pili ilishavutwa, ikakaa bure. Niliagizwa nizifunge mbili hizo pamoja, ruta, ile mashine inayopitisha intaneti, izichukulie kuwa laini moja pana.

Sijifanyi malaika. Angeletwa hapa, ningekula naye mchana, aninunie kwamba nimekonda. Miaka miwili sijamwona, na nyumbani kwangu naongea na redio. Upweke umenichosha, basi. Lakini ile ni safari ya siku nzima garini, na mguu wake haukunjiki.

Nikaanza na desturi yetu mafundi. Kabla hujagusa ruta iliyo mbali, unaiamuru ijizime na kujiwasha baada ya dakika kumi. Ukikosea ukajifungia nje, itaamka yenyewe na mipangilio ya zamani, na fedheha imekupita. Ukifaulu, unaifuta amri hiyo upesi na kuhifadhi kazi yako.

Nilitayarisha amri zote, kwangu na kwao: laini mbili ziingie fungu moja, na anwani ya mtandao ihamie kwenye fungu hilo. Nikazituma kwa mkupuo. Mawasiliano yakakatika. Nikakodolea macho kioo cha kompyuta, kisha yakarudi, laini zote mbili zikivuta pamoja. Sikukosea hata herufi.

Zilibaki dakika sita. Nikaondoa mikono kwenye kibodi.

Sikuhitaji kuharibu chochote. Ningekaa tu. Ruta ingejizima, ingeamka na laini yake moja, picha ingekatikakatika, na kesho mama angekuwa hapa. Nani angenishuku, wakati hakuna anayejua nafanya nini humu? Zikabaki nne. Zikabaki tatu. Nikamfikiria amelazwa kiti cha nyuma, anauma meno kila gari linapoingia shimoni.

Zilipobaki mbili, nikaifuta amri, nikahifadhi, nikajitukana kwa sauti.

Saa nane nilisimama nyuma ya daktari, nje ya kamera, endapo kitu kitakwama. Hakikukwama. Kidonda kilionekana hadi kingo zake, kikavu, chekundu kidogo tu upande mmoja.

"Kinapona vizuri, mama," daktari akasema. "Wiki ijayo utakwenda nyumbani. Huna haja ya kuja huku."

Muuguzi wa zahanati akainua kamera. Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amevaa gauni lake la safari, kapaka mafuta usoni, begi kalipakata.

"Siji?" akauliza.

"Huji. Tumekupunguzia usumbufu."

"Lakini mguu unauma," mama akasema upesi, akilikaza begi kifuani. "Unauma sana, daktari. Usiku silali. Nileteni huko."

Daktari akanigeukia akicheka. "Umeona, Bwana Waya? Kwa picha hii hata mgonjwa hawezi kunidanganya."