Wajukuu wa Kubadilishana

Lorna Sugden alikuwa amelea watoto wa watu kwa miaka ishirini na miwili, nyumbani kwake, bila bosi na bila mshahara wa uhakika, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kupoteza hata soksi ya mtoto. Kwa hiyo alipompoteza mtoto mzima, tena siku ya mkaguzi, lawama zote aliitupia serikali. Na hakukosea sana.

Sheria yenyewe ni hii. Mlezi mmoja, watoto watatu wa chini ya miaka mitano, basi. Mzazi akiwa kazini, serikali humlipia ruzuku ya malezi, na pesa hiyo huenda kwa mlezi. Ila mlezi akiwa ndiye bibi wa mtoto, hapati hata peni. Aliyetunga kifungu hicho bila shaka aliamini kwamba mabibi hulipwa kwa mabusu, na kwamba kampuni ya gesi nayo hupokea mabusu.

Edie, mjukuu wa Lorna, alikuwa na miaka miwili na alikalia nafasi moja kati ya zile tatu. Mama yake, Kirsty, alifanya kazi kwenye nyumba ya wazee na alistahili ruzuku yote kwa mlezi yeyote aliyesajiliwa, isipokuwa mama yake mzazi. Nafasi mbili zenye malipo hazikumtosha Lorna. Tangu Krismasi alikuwa akiwasha hita watoto wakifika na kuizima wakiondoka, na kwenye droo ya jikoni alikuwa na fomu ya kuomba kazi ya kupanga makopo kwenye supamaketi. Alikuwa ameijaza yote, imebaki sahihi. Akiisaini tu, kazi anayoipenda imekwisha.

Dawa ilitoka kwa adui. Maxine Haigh, mlezi wa mtaa wa pili, alikuwa hasemezani na Lorna tangu alipomnyang'anya mapacha fulani kwa kununua trampolini, lile turubai la watoto la kurukiaruka. Jumatano moja, kwenye ukumbi wa kanisa ambako walezi wa mji ule hupeleka watoto kucheza asubuhi, Maxine alikuja na kikombe chake cha chai akaketi bila kukaribishwa.

"Nasikia unafunga," alisema.

"Unasikia mengi."

"Na mimi nafunga. Albie wangu kanikalia nafasi na silipwi." Albie alikuwa mjukuu wake, miaka miwili vilevile, na wakati huo alikuwa anamlisha mwanasesere kiatu. "Sasa nisikilize, na usininunie kabla sijamaliza. Mchukue Albie, mimi nimchukue Edie. Wewe si bibi yake Albie, mimi si bibi yake Edie. Tunalipwa wote wawili."

Lorna alitafuta kasoro, asiione. Hilo lilimuudhi zaidi. "Ni halali?"

"Nimepiga simu ofisi ya ruzuku kuuliza. Kijana aliyepokea alinyamaza mpaka nikadhani kazimia, halafu akasema ndiyo."

"Na utamlisha nini?"

"Chakula, Lorna."

"Samaki wa pakiti kila siku, hicho nacho chakula?"

"Basi saini ile fomu yako ukapange makopo," alisema Maxine, na Lorna akajiuliza ni nani mwenye mdomo mrefu aliyempelekea habari za droo yake. Alikuwa ni Kirsty, bila shaka.

Wakabadilishana. Kila siku saa mbili asubuhi Kirsty alimpitisha mwanawe mbele ya dirisha la bibi yake kumpeleka kwa Maxine, na Lorna alisimama nyuma ya pazia akiona uchungu kama mtu aliyeibiwa mchana kweupe. Pesa ikaanza kuingia. Hita ikabaki inawaka. Albie alikuwa mtoto mzuri asiye na makosa yoyote isipokuwa lile la kutokuwa Edie.

Jumatano ya tatu tangu wabadilishane, mvua ilinyesha kweli kweli. Pale ukumbini watoto walivishwa makoti haraka haraka, kofia zikavutwa mpaka puani, na kila mlezi akakimbilia kigari chake cha kusukumia watoto. Lorna alifika nyumbani, akavua watoto makoti, akawaketisha mezani, akakata jibini vipande vinne na kuondoa maganda ya mkate. Mtoto mchanga, Noor, alikuwa amelala. Callum, mwenye miaka minne, alikuwa anaeleza habari za konokono. Kila kitu kilikuwa mahali pake, na Lorna alijisikia mwenye furaha kuliko siku zote za wiki ile, bila kujiuliza sababu.

Kengele ikalia. Alikuwa mkaguzi, Bi. Thackray, mwanamke mrefu mwenye mwavuli unaochuruzika. Alikaribishwa, akaketi, akafungua daftari la mahudhurio.

"Noor, huyo aliyelala. Callum." Alitazama meza. "Na Albie Haigh, mvulana, miaka miwili. Yuko wapi?"

Lorna aligeuka kumwonyesha. Mezani, jibini mkononi, alikuwa ameketi Edie.

Mikono yake ilikuwa imefanya ilivyozoea kwa miaka miwili. Imemchukua mjukuu, imemfunga mkanda, imemleta nyumbani, na macho nayo hayakushtuka, maana ni lini mtu alishtuka kumwona mjukuu wake jikoni kwake? Mlezi aliyepoteza mtoto hufutiwa leseni siku hiyohiyo, asipate tena hata wa kumshikia dakika tano.

Edie alikuwa na nywele fupi na suruali ya buluu. Kwa mtu asiyemjua, angeweza kupita. Lorna alifungua kinywa, na ni Mungu tu ajuaye kingetoka nini.

"Bibi, jibini," alisema Edie.

"Anakuita bibi?" aliuliza Bi. Thackray.

"Huyo si Albie," alisema Callum, ambaye hakuna aliyemuuliza. "Huyo Edie. Albie tumemsahau."

Basi Lorna akasema kweli yote: ruzuku, hita, makubaliano, makoti ya mvua. Alisema haraka huku akipiga namba ya Maxine, na kabla simu haijapokelewa mlango ukagongwa. Maxine aliingia amelowa chapachapa, kigari mbele, Albie ndani yake anatafuna kipande cha samaki wa pakiti.

"Wewe mama, umeniibia mtoto," alisema, kisha akamwona mkaguzi. "Habari za mchana."

"Ulijua lini?" aliuliza Bi. Thackray.

"Nilipomaliza kumlisha," alisema Maxine kwa aibu. "Nilikuwa nimeona mambo yanakwenda vizuri tu."

Bi. Thackray alirudi kwenye daftari la mahudhurio. "Kwa hiyo kwa makaratasi, huyu binti leo angekuwa kwako, Bi. Haigh. Anakufahamu?"

Kabla Maxine hajajibu, Edie alikuwa ameshashuka kitini. Alikwenda mlangoni, akaokota viatu vyake, akampelekea Maxine. "Twende tukaruke," alisema.

Mkaguzi aliandika. Aliandika kwamba watoto wamezoea walezi wao, kwamba walezi ni wakweli, na kwamba kuanzia leo watahesabiwa kwa majina, nyuso zikiwa wazi, kabla ya kutoka mlango wowote. Leseni zilibaki. Lorna alisema asante, akatamani kulia. Kazi yake ilikuwa imeokolewa, na aliyeiokoa ni mjukuu wake kwa kumwacha.

Aliwasindikiza hadi getini, mvuani, bila koti. Edie alikuwa anapunga mkono kwa furaha ya kutisha.

"Usinitazame hivyo," alisema Maxine. "Ni trampolini tu. Saa sita ya kulala ikifika ananililia. Kila siku. Hakubali kulala kwangu. Anasema bibi aimbe, na mimi sijui unamwimbia nini."

Lorna alishika geti. "Wiki tatu, na hukuniambia?"

"Ungekuja kumchukua. Halafu tungefunga sote."

Ilikuwa kweli. Angekwenda mbio, hata na slipa. Na hata sasa hakukosa cha kufanya: angeubania tu wimbo wake, na ndani ya mwezi mtoto angerudi kwake kwa machozi yake mwenyewe.

Wimbo ule aliutunga Lorna, usiku Edie alipozaliwa, na hakuna mwingine duniani aliyeujua, hata Kirsty. Unahusu kondoo anayetafuta chumba cha kupanga. Lorna aliuimba pale getini huku maji yakimtiririka shingoni, na Bi. Thackray, ndani ya gari lake, akaacha kuwasha injini.

"Rudia pale kwa mwenye nyumba," alisema Maxine.

Akarudia. Akaurudia mara ya tatu, polepole, mpaka Maxine akauimba wote bila kukosea.