Tenga la Kuku, Tenga la Mifugo

Mwaka 1999 Halfan, msafirishaji wa Makambako, alinunua kompyuta. Programu aliiandika Kristina Mlowe wa Njombe, aliyekuwa ametoka chuo kikuu. Ndani ya programu, muundo wa tenga ulikuwa mmoja kwa mizigo yote. Mtumiaji alitaja tu aina ya kilichomo: kuku, bata, sungura. Sharti ni kwamba aina hiyo iwe mfugo. Viazi vilikataliwa.

Halfan aliwaagiza vibarua wafuate kompyuta, naye hakupenda kurudia maneno.

Asubuhi moja Bibie wa Lyamkena alileta kuku wake wa mayai, mtaji wake wote, waende Ludewa. Gari la Ludewa lilipokea matenga ya mifugo tu. Kompyuta ikaamua: kuku ni mfugo, basi tenga la kuku ni tenga la mifugo. Kibarua Fahadi akabandika karatasi ya "mifugo" juu ya ile ya "kuku". Kisha akaja akimvuta mbwa wa mteja mwingine.

"Unampeleka wapi huyo?"

"Humu, shangazi."

"Humo mna kuku wangu!"

"Ni tenga la mifugo sasa. Mbwa unamfuga au humfugi?"

"Halfan! Njoo umwone mwehu wako!"

Halfan akasoma skrini. "Mashine imekubali, Bibie."

"Imewahi kufuga, hiyo mashine?"

Kristina akaitwa. Alimtazama mbwa, kisha skrini.

"Tenga la kuku linaweza kuitwa la mifugo mkiwa mnatoa tu," alisema. "Chochote mtakachotoa kitakuwa mfugo. Lakini anayeweka anaweza kuleta mfugo wowote."

Akaandika sharti jipya: karatasi ya "mifugo" ikiwa juu, kutoa ruhusa, kuweka marufuku. Mbwa akafungwa kwenye nguzo.

Bibie akachota pumba awalishe kuku kabla ya safari. Fahadi akamshika mkono.

"Kuweka marufuku, shangazi."

"Hiki ni chakula!"

"Sharti halikusema chakula."

Kristina alikiri kwamba halikusema.

"Na kutoa?" Bibie aliuliza.

"Kutoa ruhusa."

Akawatoa wote. Wakala, wakanywa. Fahadi akasimama mbele ya tenga tupu, mikono kifuani.

Bibie akaibandua karatasi ya juu. "Soma."

"Kuku."

"Na hawa?"

Fahadi akawakagua mmoja mmoja. "Kuku."

"Basi pisha."

Akawarudisha, akaibandika karatasi mahali pake. Gari likaondoka na kuku walioshiba, ndani ya tenga ambamo hakuna aliyeruhusiwa kuweka kitu.