Kigari cha Munga na Linda

Karisa aliufunga mtungi wa plastiki uliojaa maji kwa mkanda wa kigari cha watoto, akauvuta mkanda kwa nguvu, kisha akakanyaga breki na kuondoa mikono.

Kigari kilitulia. Kilikuwa kizuri kweli: rangi ya buluu, viti viwili ubavu kwa ubavu, kila kiti na paa lake dogo la kitambaa. Mwanarehema, mwenye kibanda hicho cha mitumba ya watoto kando ya barabara ya Kisauni, alikuwa amekipangusa kwa upindo wa leso yake mpaka kikang'aa.

"Umeona?" alisema. "Hicho ni cha Ulaya, kaka. Wallahi aliyekinunua kule hakukitumia hata mwaka."

Mama mkwe wa Karisa, Bi Dama, alikuwa amesimama kivulini, mjukuu wake mdogo, Linda, amelala mgongoni mwake na mkubwa, Munga, amemshika kidole. "Mbona unakipakia maji?" aliuliza.

"Mtungi hauumii, mama."

Hakuwa amemaliza kusema pale kigari kilipoanza kwenda. Kilianza polepole, kama mtu anayetoroka huku akijifanya hana haraka. Karisa alinyoosha mkono, akakosa. Mteremko ukakichukua. Kikaruka ukingo wa lami, mkanda ukafyatuka, mtungi ukaangukia barabarani na tuktuk ikaupanda. Ulipasuka kwa kishindo. Dereva alisimama, akatoa kichwa nje, akawatukana wote waliokuwa pale, kisha akaenda zake.

Maji yalitapakaa juu ya lami, yakaanza kutafuta njia ya kwenda mtaroni.

"Baba," Munga alisema, "maji yamekufa?"

Karisa alikwenda kukichukua kigari, na njia nzima aliona kama si mtungi uliopasuka pale chini, bali mtoto.

Alikuwa mchuuzi wa maji Magogoni tangu kabla ya kuoa. Asubuhi hujaza mitungi kwenye bomba, huipanga juu ya mkokoteni, husukuma nyumba kwa nyumba. Mkewe Nyamvula alipokwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani, walikubaliana kwamba watoto watashinda kwa jirani yao Carolyne. Mpango huo ulikwenda vizuri hadi Carolyne alipohamia Chaani. Tangu hapo Karisa alikwenda nao kazini. Alimbeba Linda mgongoni kwa leso, wanaume wa bombani wakamcheka hadi wakachoka. Alimkalisha Munga juu ya mkokoteni, katikati ya mitungi. Wiki iliyopita gurudumu liligonga jiwe na mtoto akaanguka kichwa mbele. Alishonwa juu ya jicho. Kidonda hakijakauka, habari zilikwisha kufika Mariakani, kwa mama mkwe wake.

Asubuhi hiyo Bi Dama alibisha mlango bila ya kupiga simu. Aliitikia shikamoo ya mkwewe, akanywa maji, akalitazama jicho la Munga kwa muda. Hakugomba. Angegomba, Karisa angepata la kujitetea. Aliuliza tu nguo za watoto zinawekwa wapi, aondoke nao.

"Mama, nisubiri kidogo," Karisa alimwambia. "Nilikuwa nimepanga leo niwanunulie kigari. Twende wote. Ukione kwanza, ndipo uamue."

Ndipo wakafika hapa, na sasa Mwanarehema alikuwa ameshika mashavu yake.

"Sikujua, kaka. Haki ya Mungu sikujua kama breki haishiki. Ningemuuzia mtu hiki..." Alikisukuma kigari cha buluu nyuma ya kibanda, akakigeuzia ukutani. "Kuna kingine. Sikukuonyesha kwa vile kimechakaa."

Kilikuwa cha rangi ya kahawia iliyopauka, kirefu, kiti kimoja mbele na kingine nyuma. Kutu ilikuwa imeshika vyuma vyake. Karisa alikipindua, akazungusha magurudumu moja moja akisikiliza. La nyuma, upande wa kushoto, lililia kidogo. Alivuta mikanda, akavibana vifungio na kuvifungua mpaka vidole vikauma. Aliazima mitungi miwili kwa muuza chai wa jirani, akaipakia, akakipeleka pale pale penye mteremko. Akakanyaga breki.

Safari hii hakuondoka. Alisimama mbele ya kigari, mikono ameitandaza kama kipa. Kigari hakikwenda. Akazunguka, akakisukuma kwa goti. Hakikwenda. Akakipiga teke, mitungi ikatikisika, maji yakachungulia kwenye vifuniko, na magurudumu yakabaki pale pale.

"Basi, kaka," Mwanarehema alisema taratibu. "Kimeshika."

Karisa alishusha mitungi akamwita Munga. Mtoto alipanda kiti cha mbele, akajishika pande zote mbili, akanyamaza kwa raha. Karisa alimtazama mama mkwe wake. Akatabasamu.

"Kinashika, mama. Na njia yetu ya uchochoroni kitapita, si kipana kama kile."

Bi Dama alikizunguka kigari. Alikigusa kitambaa, akainama kutazama chini. "Kizuri," alisema. Kisha akauliza, bila ya ukali, "Na mkokoteni utasukumwa na nani, Baba Munga?"

Juma zima Karisa alikuwa amewaza magurudumu, mikanda na breki. Usingizini alikuwa akiona magurudumu. Mikono yake mwenyewe hakuiwaza.

"Nitakifunga kwa kamba," alisema. "Nyuma ya mkokoteni."

"Mkokoteni wenye maji?"

Mwanarehema alijifanya anakunja shuka ambazo zilikuwa zimekunjwa tayari.

"Sijui, mama," Karisa alisema hatimaye. "Najua kwako watakula, watalala, hawataanguka. Najua. Ila Linda mama yake anamjua kwenye simu tu. Huibusu simu. Akinijua na mimi kwenye simu, atakuwa na nani wa kumshika?"

Aligeuka kutazama barabarani, kwa sababu macho yalikuwa yamemjaa na yule alikuwa mama mkwe wake.

Bi Dama alifungua fundo la leso kifuani, akamzungusha Linda mbele, akamlaza kwenye kiti cha nyuma bila ya kumwamsha. Alihangaika na kifungio, hakukijua. Karisa aliinama akamwonyesha. Vichwa vyao vilikaribia kugongana.

"Lipa," alisema Bi Dama.

Mwanarehema alipunguza bei kabla ya kuombwa.

Simu ya Karisa ilikuwa imeita mara kadhaa. Ilikuwa ni mama wa hoteli ya Magogoni, pipa lake limekauka na wateja wa mchana wanakuja. "Nenda kazini," Bi Dama alimwambia. "Sisi tutakufuata."

"Na magari ya Mariakani?"

"Magari ya Mariakani hayakatiki," alijibu, akashika kishikio cha kigari.

Karisa alitangulia. Hakuthubutu kugeuka. Kila alipopita mlango wenye redio alipunguza mwendo, asikilize kama lile gurudumu la kushoto bado linalia nyuma yake. Lililia. Aliutoa mkokoteni uani, akaufikisha bombani, akapanga foleni, akaanza kujaza.

Ng'ambo ya njia, kwenye kivuli cha duka lililofungwa, Bi Dama alikuwa amesimama na watoto. Kushoto kwake njia ilikwenda nyumbani, kulia ilikwenda stendi ya magari ya Mariakani. Munga alikuwa anauimbia kitu mguu wake mwenyewe. Linda alishtuka usingizini, akaanza kunung'unika, na bibi yake, huku akiangalia maji yanavyopanda kwenye mtungi, alianza kukisukuma kigari pale pale alipo, mbele kidogo, nyuma kidogo, mbele kidogo, nyuma kidogo.