Nyumba ya Watoto wa Askari

Lori lilikuwa likinguruma uwanjani tangu alfajiri, na Konstebo Kezia alikuwa bado amembeba Esteri mgongoni, juu ya sare. Kituo chao kilikuwa kati ya Kibondo na Kasulu, na mwaka ule wa sabini na nne zamu hazikuwa na saa. Leo ni Nyakitonto, kuhamisha watu kwenda kijiji kipya. Hakuwa na wa kumwachia mtoto.

Mlezi alikuwepo. Bibi Ntirampeba, jirani, alimlea Esteri miaka miwili, usiku na mchana. Juma lililopita jina lake lilisomwa kwenye orodha ya wanaohamishwa, na msomaji alikuwa Kezia mwenyewe.

"Mwana wanje, mwanangu," bibi alisema siku ile kutoka juu ya lori, bila hasira, "mtoto utamwachia nani?"

Na nyumba ya watoto wa askari ilikuwepo, msidhani serikali ilisahau. Fedha zilitoka, bati likapigwa, kibao kikaandikwa kwa rangi nzuri. Ndani walilala mbuzi wa Inspekta Abdulrahmani.

"Afande, naomba kona moja tu."

"Mbuzi wangu wakalale wapi?" Inspekta alitazama saa. "Ulikula kiapo peke yako au na mtoto? Panda gari, au vua sare."

Akivua sare, na chumba cha kota kinakwenda.

Sajenti Gharibu, mtu mwema kwa kipimo cha kituo kile, alimwonea huruma. "Mwache mahabusu. Wamo wanawake wawili tu, waliotoroka kijiji kipya. Jioni utarudi."

Kezia akamkalisha Esteri sakafuni, akampa kiazi cha kuchemsha. Kufuli likafungwa. Kilio kilimfuata mpaka lori lilipovuka mto.

Mvua ikanyesha. Lori likazama matopeni, jioni ikawa siku tatu.

Aliporudi alikimbilia mahabusu na matope yake.

"Mzima," alisema Sajenti akifungua. "Wala halii tena."

Mlango ulipofunguka, wanawake wakachuchumaa upesi ukutani, mikono kichwani, kama walivyozoeshwa. Katikati yao Esteri naye akachuchumaa, vidole juu ya nywele, macho kwenye buti zilizosimama mbele yake.

"Esteri. Ni mimi."

"Ndiyo, afande," mtoto akajibu.

Uwanjani lori lilikuwa limeanza tena kunguruma.