Pigo la Sita

Chuoni walimwita Fundi, na kwa miaka ishirini na miwili ndiye aliyewapigia wanafunzi ngoma wakijifunza kucheza. Sasa wakubwa, kwa akili zao wenyewe, wameamua kwamba asiye na stashahada aondoke. Basi Fundi na mvi zake akajiandikisha kusomea stashahada ya ngoma, ile ya miezi sita kwa wazoefu. Binti yake, aliyekuwa mwaka wa kwanza palepale, alicheka mpaka akakaa chini.

Mtihani wa mwisho ulikuwa mdundo wa marehemu baba yake Fundi. Umo kwenye kitabu cha Profesa, mkuu wa somo la ngoma pale chuoni, ukurasa wa arobaini. Profesa aliurekodi kutoka kwa Fundi mwenyewe, siku ambayo Fundi alikuwa na jipu kidoleni, na kwa maumivu akaliruka pigo la sita. Kitabu nacho kikaliruka. Tangu hapo kila darasa limeliruka, na Fundi akanyamaza, maana angeanzaje kumkosoa mtu aliyempa kazi?

Chumba cha mtihani kilivikwa sponji la kuzuia sauti, mlango umefungwa, watahini watatu mezani. Fundi akapiga, mikono ikaenda ilikozoea.

"Ishia hapo," Profesa akasema, kidole juu ya ukurasa. "Umeongeza pigo."

"Sijaongeza, Profesa. Marehemu baba alipiga hivyo."

"Hapa halipo. Na mdundo huu ulinipa wewe mwenyewe, Fundi. Rudia mara moja. Ukikosa, sina la kukusaidia."

Kusema ukweli ni kumvua nguo Profesa mbele ya wenzake, na kazi nayo iende zake. Ada ya binti angeitoa wapi? Akapiga tena, pigo la sita akalimeza. Roho ilimuuma kama aliyemtukana baba yake kaburini.

"Safi kabisa," Profesa akasema. "Jumatatu utawafundisha mwaka wa kwanza ukurasa huohuo."

Jumatatu ikafika. Wanafunzi wakapiga mmoja mmoja, wote wakiruka kama kitabu kilivyotaka, hadi zamu ya binti yake. Yeye hakufungua kitabu. Alipiga kama alivyomsikia babu yake ukumbini kwao, pigo la sita likadunda, kisha akamtazama baba yake huku akitabasamu.

Fundi alitamani kulia kwa raha. Mlangoni, Profesa alikuwa amesimama, anasikiliza.

"Umeongeza pigo, mwanangu," Fundi akasema. "Rudia."